Siasa za Dunia Kando ya Reli ya Uhuru

Siasa za dunia ndizo zilizowakutanisha wafanyakazi wa Kichina na wenzao wa Tanzania na Zambia kwenye reli ya TAZARA, na siasa hizohizo walizijadili wakiwa kazini, ingawa wengi wao hawakuwa na lugha ya kuzijadilia. Reli hiyo ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia. Anayeifuata kutoka mwanzo hadi mwisho hupita kwenye kambi za zamani, mahandaki, madaraja na karakana ambako mazungumzo hayo yalifanyika. Makala haya yanafuata vituo vyake kwa mpangilio wa safari, na pale historia inapodai kutangulizwa, imetangulizwa.

Zambia ilipata uhuru Oktoba 1964 ikiwa na shaba nyingi na haina bahari. Shaba hiyo ilisafirishwa kwa reli ya kusini, kupitia Rhodesia. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru kutoka Uingereza, na tangu siku hiyo uchumi wa Zambia ukawa unapita mlangoni kwa adui. Njia ya kaskazini kwenda Dar es Salaam ilikuwa imezungumzwa muda mrefu, lakini Benki ya Dunia ilikwisha kusema mwaka 1964 kwamba reli hiyo haitalipa, na nchi za Magharibi zilizoombwa msaada ama zilikataa ama ziliendelea kufanya upembuzi. China, iliyokuwa maskini na haijapata hata kiti Umoja wa Mataifa, ilikubali. Mwalimu Nyerere alizuru Peking, yaani Beijing ya sasa, Februari 1965. Nchi tatu zikatia saini mkataba tarehe 5 Septemba 1967, ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970, na mkopo wake wa yuan milioni 988 haukuwa na riba. Mataruma ya mwisho yalilazwa mwaka 1975, na reli ikakabidhiwa rasmi tarehe 14 Julai 1976.

Wamarekani nao hawakukaa kutazama. Walisaidia kujenga barabara kuu ya kwenda Zambia, ambayo kuanzia Makambako hadi Tunduma hukimbia karibu sambamba na reli. Kijana wa Njombe au Mbozi wa wakati ule hakuhitaji gazeti ili ajue kuna vita baridi. Alikuwa akiwaona Wachina na makandarasi wa Magharibi wakichimba udongo wa wilaya moja, na pengine kaka yake ameajiriwa huku, yeye ameajiriwa kule.

Stesheni ya Dar es Salaam iko kwenye njia panda ya Barabara ya Nyerere na Barabara ya Mandela, jengo refu lenye ukumbi mpana kuliko abiria wanaoujaza. Treni ikishatoka hapo huacha jiji upande wa nyuma na kuingia Pugu. Si mbali na njia hiyo, eneo la Gongo la Mboto, yapo makaburi ya Wachina waliokufa wakati wa ujenzi na katika miaka iliyofuata. Ni zaidi ya 60. Wengi walikufa kwa ajali za kazini na kwa maradhi. Ubalozi wa China huweka mashada hapo kila mwaka mwezi wa Aprili, kipindi ambacho Wachina husafisha makaburi ya wazee wao. Majina kwenye mawe yameandikwa kwa Kichina, hivyo mkazi wa jirani aliyezoea kupita hapo miaka yote anaweza asijue hata jina moja la mtu aliyelala mita chache kutoka kwenye ua wake.

Idadi ya Wachina waliofanya kazi kwenye reli hiyo kwa awamu hutajwa kuwa kati ya 30,000 na 50,000. Waafrika walikuwa wengi kuliko wao. Kwa umati huo wakalimani walikuwa wachache mno, na wengi wa wakalimani wa Kichina walikuwa wamesomea Kiingereza. Sentensi ya msimamizi ilitoka kwa Kichina, ikaenda kwa mkalimani, ikawa Kiingereza, kisha nyapara Mtanzania aliyesoma kidogo akaigeuza Kiswahili. Upande wa Zambia iligeuzwa Kibemba. Kwa habari za kokoto na saruji mnyororo huo ulitosha, kwa sababu aliyekosea kuelewa alionekana papo hapo. Kwa habari za siasa haukutosha. Swali la kibarua lilipokuwa linarudi kwa njia hiyohiyo kwenda juu, lilipita kwa watu wawili waliokuwa na sababu za kulilainisha: nyapara hakutaka aonekane analeta mchochezi, na mkalimani alikuwa mtu wa serikali yake.

Kulikuwa pia na kanuni. Waziri Mkuu Zhou Enlai alitangaza mwaka 1964, akiwa ziarani Afrika Magharibi, misingi minane ya misaada ya China kwa nchi nyingine. Mmoja ulisema wataalamu wa Kichina wataishi kwa kiwango kilekile cha wataalamu wa nchi wanayoisaidia, bila upendeleo. Huo wafanyakazi wa Kiafrika waliuona kwa macho: Mchina mwenye cheo alishika sururu, alivaa nguo zilezile za pamba, alilima mboga kando ya kambi. Msingi mwingine ulihusu kuheshimu mamlaka ya nchi mwenyeji. Kwa vitendo, kuheshimu huko kulikuwa na maana kwamba Mchina wa kawaida hakupaswa kumfundisha Mwafrika siasa kwa kinywa chake. Wala serikali za Dar es Salaam na Lusaka hazikutaka afanye hivyo. Mwalimu alikuwa na Azimio lake la Arusha la 1967, Rais Kaunda wa Zambia alikuwa na falsafa yake ya utu, na kila mmoja aliichukua reli na kuwaachia Wachina itikadi yao.

Siasa ikapita kwingine. Redio Peking ilikuwa imeanza kutangaza kwa Kiswahili tangu Septemba 1961, hata kabla Tanganyika haijawa huru. Kitabu chekundu cha nukuu za Mao kilitafsiriwa kwa Kiswahili katika miaka ya 1960 na kuuzwa Dar es Salaam kwa bei ya chee. Magazeti ya picha kutoka China yalisambazwa, na jioni kambini filamu zilioneshwa kwenye shuka lililotandazwa. Ukiwa na picha huhitaji mkalimani kwa kila kitu. Mkulima wa Kichina akimsimanga mwenye shamba hueleweka Ifakara kama anavyoeleweka Hunan, ingawa watazamaji wa Ifakara, kwa simulizi za waliokuwapo, walikuwa wakicheka mahali ambapo mwongozaji wa filamu alitaka watu walie.

Tukirudi safarini, baada ya mbuga ya wanyama, ambako abiria wa kigeni hukimbilia madirishani kutazama twiga na wenyeji huendelea kulala, treni hufika Kidatu na mashamba yake ya miwa. Kutoka hapo milima ya Udzungwa huwa mkono wa kulia na bonde la Kilombero mkono wa kushoto. Mang'ula, kituo kinachofuata chenye umuhimu, kilikuwa mojawapo ya kambi kubwa za ujenzi. Vijana wengi wa Kitanzania walioletwa huku walitoka Jeshi la Kujenga Taifa. Jeshi hilo lilikuwa limewapa elimu ya siasa pamoja na jembe, kwa hiyo walifika na maneno tayari mdomoni: ubeberu, ukoloni mamboleo, unyonyaji, kujitegemea. Wachina walifika na ya kwao ya aina ileile. Hapo ndipo mazungumzo yalipokuwa mepesi. Mtu akisema jina la Smith na kutema mate chini, mwenzake alikuwa amekwisha kumaliza kumwelewa. Akisema Mao na kuinua kidole gumba, akajibiwa Nyerere kwa kidole gumba, mkutano wa kimataifa ulikuwa umefungwa na maazimio yamepita.

Kaulimbiu zilivuka lugha bila taabu. Maswali hayakuvuka, na mfano mmoja nilioupata Mang'ula unaeleza kwa nini. Mzee niliyemwamkia barazani kwake, aliyekuwa kibarua wa kufunga mataruma, alisimulia kwamba mwaka 1972 gazeti la picha lilifika kambini likiwa na Mao ameshikana mkono na Rais Nixon wa Marekani. Ziara hiyo ilifanyika Februari mwaka huo. “Mwanangu, sisi tulifundishwa kwamba huyo ndiye beberu mkuu,” alisema. “Sasa beberu mkuu anakaribishwa chai?” Alilipeleka gazeti kwa Mchina aliyekuwa akifanya naye kazi bega kwa bega. Akamwekea kidole kwenye uso wa Nixon, kisha akakunja ngumi na kuipiga kwenye kiganja, kwa maana ya kuuliza: huyu si adui? Mchina aliitazama picha, akamtazama yeye, akafunua ukurasa wa pili na kumwonesha kiwanda cha chuma. Mzee alifungua ukurasa wa kwanza tena. Mchina akafunua wa pili tena. Wakacheka wote wawili, wakarudi kwenye mataruma.

Ni vigumu kusema kama Mchina yule hakuelewa swali au alilielewa sana. Ziara ya Nixon iliwashangaza hata Wachina wengi waliokuwa Peking kwenyewe, na fundi wa reli aliyekuwa porini Kilombero hakuwa na ruhusa ya kuitolea maoni hata kama angekuwa na Kiswahili cha Unguja. Kosa la kawaida la wanaoandika habari za kambi hizi ni kuhesabu kila ukimya kuwa umeletwa na lugha.

Tukio jingine la wakati huo lilikuwa jepesi kwa pande zote. Usiku wa tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuirudishia Jamhuri ya Watu wa China kiti chake na kukiondoa kwa serikali ya Taiwan. Kura za ndiyo zilikuwa 76, za hapana 35, na nchi 17 hazikupiga upande wowote. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizowasilisha azimio hilo, na balozi wake, Salim Ahmed Salim wa Zanzibar, aliyekuwa na umri wa miaka 29, alisherehekea ukumbini waziwazi pamoja na wajumbe wengine wa Afrika. Marekani haikusahau. Salim alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 1981, Marekani ilimpinga kwa kura ya turufu tena na tena, huku China nayo ikimpinga hivyohivyo Kurt Waldheim kwa ajili yake, mpaka wote wawili wakajitoa. Mfanyakazi wa reli wa mwaka 1971 hakuweza kuyajua hayo ya mbele. Alichojua ni kwamba nchi yake imeisaidia China jambo kubwa, na kwamba safari hii Mchina ndiye mwenye kushukuru. Katika uhusiano ambao kwa kawaida msaada ulitoka upande mmoja, hilo halikuwa dogo.

Kutoka Mlimba kwenda Makambako reli hupanda kwenye nyanda za juu, na hapa ndipo kazi ilipokuwa ngumu kuliko popote. Kipande hicho cha kilomita 157 kina mahandaki 18 kati ya yote ya reli nzima, ambayo ni 22, na madaraja kadhaa ya kutisha, likiwamo la Mpanga lenye nguzo za urefu wa mita 50 hivi. Treni hupita taratibu. Mwenye moyo mwepesi huangalia upande mwingine. Udongo hapa hunyonya maji na kuporomoka, na mvua za Mlimba hazina subira. Wachina na Waafrika walifanya kazi kwa zamu usiku na mchana, na kwa kuwa baruti haisubiri mkalimani, ishara za mikono zilikuwa sheria.

Ishara zenyewe zilihitaji kujifunza. Wachina huhesabu hadi kumi kwa mkono mmoja. Sita ni kidole gumba na kidole cha mwisho vikiwa vimenyooshwa. Nane, kwa Wachina wengi, ni gumba na shahada, umbo ambalo mtoto yeyote wa Kiswahili analijua kuwa ni bastola. Fikiria kibarua mgeni anayeoneshwa bastola na msimamizi anayetaka mifuko minane ya saruji. Baada ya majuma machache kila genge lilikuwa na lugha yake ya kazini, yenye Kiswahili kidogo, Kichina kidogo na mikono mingi.

Lugha hiyo ya kazini ilikuwa na pengo kubwa kwenye majina ya dunia. Mtu angetegemea majina ya nchi na viongozi yawe daraja, kwa kuwa ni yaleyale kila mahali. Kwa Kichina siyo. Marekani ni Meiguo, Uingereza ni Yingguo, na Nyerere mwenyewe huandikwa na kutamkwa kwa namna ambayo sikio la Mzanaki lisingeitambua, kitu kama Nileier. Mfanyakazi wa Kitanzania aliyetaja Marekani, akisubiri hasira ya mwenzake, aliweza kupata uso mkavu tu. Ndiyo maana picha zilikuwa na nguvu kuliko redio, na ndiyo maana watu walichora ramani. Ramani ya Afrika hueleweka kwa mstari mmoja: pembe, tumbo, mkia. Ukichora reli ndani yake na kuweka msalaba kwenye Rhodesia, umeeleza sera ya nje ya Tanzania yote.

Siasa zilizoshindwa kabisa kupita ni zile ambazo marafiki wawili walitofautiana. China na Urusi zilikuwa zimegombana, hata zikapigana mpakani mwaka 1969, na kwa Wachina wa kambini Mrusi alikuwa mbaya karibu sawa na Mmarekani. Tanzania ilikuwa na urafiki na wote wawili, na wapigania uhuru waliokuwa Dar es Salaam walipokea silaha kutoka kote. Redio Moscow nayo ilitangaza kwa Kiswahili, saa zisizopishana sana na za Peking, hivyo mwenye redio ya mkulima aliweza kuwasikia wakomunisti wawili wakitukanana kwa Kiswahili fasaha ndani ya jioni moja. Kumuuliza Mchina kwa mikono kwa nini wakomunisti wanagombana ni kazi isiyowezekana. Angola ilileta tatizo kubwa zaidi. Mwaka 1975, reli ikiwa inakaribia kwisha, China ilikuwa imewasaidia FNLA, chama kimoja cha ukombozi cha huko, wakati Tanzania ilielekea chama hasimu, MPLA, na kuitambua serikali yake. Wachina walijitoa Oktoba mwaka huo walipoona wamejikuta upande mmoja na Afrika Kusini ya makaburu. Kambini jambo hilo lilinyamaziwa, na kwa mara hii moja kukosa lugha kulikuwa ni neema kwa kila mtu.

Kuanzia Makambako nchi hutanuka, baridi huingia madirishani, na wachuuzi wa viazi na maua hukimbia pembeni mwa mabehewa. Sehemu ya juu kabisa ya reli iko Uyole, karibu na Mbeya, mita 1,789 juu ya bahari. Mpaka ni Tunduma, ambako upande wa pili ni Nakonde, na kwa mtazamo wa msafiri tofauti kubwa ni sarafu. Kwa Wachina wa miaka ya 1970 tofauti ilikuwa ya lugha. Yule aliyejikusanyia maneno mia mbili ya Kiswahili kutoka Kidatu hadi Mbeya alianza upya kwa Kibemba. Kiswahili hakikufa Nakonde, hata leo hakijafa, lakini kadiri reli inavyokwenda Kasama ndivyo msemaji wake anavyopungua.

Zambia ndiko pia nadharia moja kubwa ya siasa za dunia ilikoelekezwa kwanza. Februari 1974 Mao alimpokea Kaunda mjini Peking na kumweleza kwamba dunia ni tatu: ya kwanza ni Marekani na Urusi, ya pili ni nchi zilizoendelea zilizo katikati kama Japani na za Ulaya, na ya tatu ni nyingine zote, China na Afrika zikiwamo. Kwa wafanyakazi wa reli nadharia hiyo ilikuwa na faida ambayo huenda Mao hakuifikiria: inaoneshwa kwa vidole vitatu.

Waliovuka kizuizi cha lugha kikamilifu walikuwa wachache na wanastahili kutajwa peke yao. Kuanzia mwaka 1972 vijana karibu 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Chuo cha Jiaotong cha Kaskazini, Peking, kusomea uendeshaji wa reli. Walianza na Kichina. Wakaishi China katika miaka ya mwisho ya Mapinduzi ya Utamaduni, wakati ambapo mwanafunzi mgeni hakuweza kumtembelea mwenzake wa Kichina nyumbani kwa urahisi. Walirudi wakijua kuuliza kila swali ambalo kibarua wa Mang'ula hakuweza kuliuliza, na wakijua pia ni yapi hayaulizwi. Hao ndio waliopewa vituo, karakana na ofisi za TAZARA reli ilipofunguliwa, na ndio waliokaa meza moja na wataalamu wa Kichina waliobaki kusaidia.

Reli haikupata amani ya siasa hata baada ya kukabidhiwa. Oktoba 1978, msongamano wa bandari ya Dar es Salaam na upungufu wa injini ulipozidi, Kaunda alifungua tena njia ya kusini kupitia kwa adui yuleyule aliyeijengea reli sababu. Mwaka mmoja baadaye makomando wa Rhodesia walililipua daraja la reli juu ya mto Chambeshi, kusini mwa Kasama, na TAZARA ikakatika. Rhodesia ikawa Zimbabwe Aprili 1980. Treni huvuka Chambeshi kwa dakika chache, na mhudumu wa behewa letu, alipoulizwa, alisema daraja lililipuliwa na “watu wa Smith”, kana kwamba Smith huyo bado anaishi ng'ambo ya pili.

Siasa za leo zimeirudia reli kwa sura nyingine. Septemba 2024, mjini Beijing, Rais Samia Suluhu Hassan na Rais Hakainde Hichilema walishuhudia pamoja na Xi Jinping kutiwa saini kwa hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA, na mwaka 2025 ukafuata mkataba wa uwekezaji wa dola za Marekani bilioni 1.4 na kampuni ya Kichina. Wakati huohuo Marekani na Umoja wa Ulaya zinaunga mkono ushoroba wa Lobito, unaopeleka shaba ya Kongo na Zambia upande wa Atlantiki kupitia Angola. Rais Biden alikwenda Angola kwa ajili yake Desemba 2024. Shaba ni ileile, wagombanaji ni walewale kwa kiasi kikubwa, na mara hii kila fundi ana simu yenye programu ya kutafsiri.

Kati ya Mpika na Serenje, katika behewa la chakula, mhandisi wa Kichina wa makamo na fundi wa njia kutoka Mbeya walikuwa wakila ugali kwa kuku, simu ikiwa imesimamishwa kwenye chupa ya soda. Fundi alimwita mwenzake “shifu”, neno la Kichina la kumheshimu fundi mkuu, naye akajibiwa “kaka”. Akaiambia simu: “Shifu, hii reli ya Lobito si itachukua mzigo wetu?” Simu ikasema Kichina. Mhandisi akafikiri, akajibu, na simu ikatoa Kiswahili chake cha mbao: “Mzigo ni mwingi. Bahari ni mbili. Usiogope.” Kisha akachukua karatasi ya kufutia mikono na kuchora Kolwezi ya Kongo katikati, mstari kwenda Lobito, mwingine Dar es Salaam, wa tatu Durban, akauwekea ule wa Durban malori mengi. Fundi akaongeza kituo cha Kapiri Mposhi kilichosahaulika. Ulikuwa mjadala wa maana kuliko mingi inayofanywa hotelini.

Ukaendelea. Fundi aliuliza kama ushuru wa Marekani dhidi ya bidhaa za China utashusha bei Kariakoo, na mhandisi akacheka hadi akaweka kijiko chini. Jibu lilikuwa kwamba huenda, ila wenye maduka wataficha. Fundi akauliza kuhusu Taiwan. Hapa mhandisi hakusubiri simu itafsiri, kwa sababu jina hilo alilisikia mwenyewe. Alisema sentensi moja fupi, simu ikaisoma: “Taiwan ni sehemu ya China.” Akailaza simu kifudifudi na kumsogezea mwenzake pilipili.

Miaka zaidi ya hamsini imepita tangu Mang'ula, na ukurasa wa pili bado unafunuliwa. Ila haki itendeke kwa pande zote: fundi naye, alipoulizwa na mhandisi anaonaje uchaguzi wa nchini kwake, alitazama meza ya jirani kwanza, akasema tu kwamba mvua Mbeya zimeanza vizuri. Programu za kutafsiri, ambazo mara nyingi hupitisha Kiswahili kwenye Kiingereza kabla ya kukifikisha Kichina, hukosea vitu vingi, lakini siku ile hazikukosea lolote la msingi. Swali lilifika kwa sekunde mbili, na mtu akachagua.

Ni kweli pia kwamba mahali pa kujifunzia lugha pamekuwa pengi. Vyuo Vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vimekuwa na Taasisi za Confucius tangu 2013, na Kiswahili kinafundishwa Beijing tangu miaka ya 1960. Tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake iliyotiwa sauti za Kiswahili ilipendwa kiasi kwamba Xi aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Mambo ya mkwe na mkazamwana hayahitaji ruhusa ya mtu.

Treni huishia New Kapiri Mposhi, stesheni kubwa iliyo nje kidogo ya mji, na abiria wa kuendelea Lusaka hugombania mabasi. Ndani ya jengo hilo, kama ilivyo katika majengo mengi ya reli hii, kumbukumbu zilizotundikwa ukutani ni za viongozi: saini, mikono iliyoshikana, tarehe. Nyaraka za ujenzi nazo zimehifadhi yale yaliyopita kwa mkalimani. Yale ya gazeti la picha na ngumi kwenye kiganja yamo vichwani mwa wazee wa Mang'ula, Mlimba, Makambako, Mpika na Serenje, na kati yao aliyekuwa kijana wa miaka ishirini mwaka 1972 sasa ana zaidi ya sabini. Wewe msomaji, kama baba, babu au jirani yako alifanya kazi kwenye reli hii, weka simu yako mezani na umrekodi mwaka huu: muulize Wachina wake walikuwa nani, walizungumza nini, na ni swali gani ambalo hakujibiwa.